Masuke ya Mama Juu ya Mafiga

Engaresero, 8 Julai 2007

Dada Tekla,

Shikamoo. Najua bahasha hii umeipima uzito kabla ya kuifungua, kama unavyopima kambale wa shemeji Anselim akirudi mtoni. Ni nzito kidogo, vumilia, nina habari.

Nimevuna! Mpunga wa mama umekubali huku. Walimu wenzangu walinicheka sana nilipochimba kale kajaruba kangu pembeni ya kijito, wakasema mwalimu wa Kiswahili amegeuka kiboko. Leo hao hao wanapita jikoni kwangu wananusa. Siku nilipopika mara ya kwanza, ile harufu ilipotoka chini ya mfuniko nilikaa chini. Nilimwona mama kabisa, na upawa wake ulioungua ncha, akiuliza, "Nani kafunua sufuria yangu?" Nililia, dada. Nakuambia wewe tu, shemeji usimsimulie, atanitania mpaka nizeeke.

Nimefanya kama mama alivyokuwa akifanya. Masuke ya kwanza sikuyapura. Nimeyafunga fungu moja nene, nikalitundika jikoni juu ya mafiga, moshi ulifikie, nikasema, "Mama, hili lako." Joshua, mlinzi wetu wa shule, Mmasai, akaniuliza naongea na nani. Nikamjibu, na mama yangu. Akaitikia kwa kichwa tu, hakucheka.

Mbegu nyingine nimeiweka kapuni. Uliniambia Mofu nzima sasa wanapanda mbegu za dukani na mpunga wa mama umebaki kwenye debe lako peke yake. Basi furahi, sasa upo sehemu mbili.

Ardhi huku inatikisika siku hizi. Kidogo tu, sufuria zinagongana ukutani. Mlima ulio mbele yetu, Oldonyo Lengai, karibu na ziwa la magadi, una moto ndani yake na wazee wanautazama sana. Usiogope.

Mdogo wako,
Venance


Mofu, 2 Agosti 2007

Venance,

Marahaba. Mtu haandiki "ardhi inatikisika" halafu akaweka "usiogope" mwishoni kama chumvi. Nimesoma kwa sauti, Anselim akasema, "Mwite arudi." Nikamwambia huyo haitwi, huyo ni serikali imempeleka. Lakini kweli, unarudi lini? Tangu tumzike mama umekanyaga hapa mara ngapi? Haya, siulizi.

Habari ya mpunga imenifurahisha mpaka nimempelekea jirani yangu Kabula. Unamkumbuka Kabula, yule mama wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto? Alipiga vigelegele, kuku wangu wote wakakimbilia porini.

Sasa nisikilize. Fungu la mama usiliguse. Usilile, usilipande, usimpe mtu hata punje. Hilo ni lake mpaka lioze lenyewe, ndivyo alivyofanya yeye kwa bibi, ndivyo bibi alivyofanya. Unakumbuka ulipokuwa mdogo ukapanda kinu, ukanyofoa punje chache za bibi ukatafuna? Mama hakukupiga. Alikushika mkono akakupeleka kaburini ukaombe radhi, nawe kamasi zinakutoka, unasema, "Bibi, nitakurudishia." Mimi nilicheka mpaka nikafukuzwa.

Juzi nilipita pale lilipokuwa dungu letu. Hakuna kitu, mabua tu. Nikakumbuka tulivyokuwa tunashinda juu yake tukiwinga ndege, wewe na kopo lako la mawe, mama akituletea wali kwenye ungo. Tukimaliza anakwangua ukoko, anatugawia na huo. Ukimwambia, "Mama, na wewe kula," anasema, "Mimi nimeshiba." Ameshiba nini, wakati sijamwona akila! Tulikuwa watoto, tukaamini.

Mbegu itunze. Kwako na kwangu, basi, duniani hakuna pengine.

Dada yako,
Tekla


Engaresero, 20 Septemba 2007

Dada,

Shikamoo. Kwanza nipo hai, hata mkwaruzo sina.

Mlima umelipuka. Tulikuwa darasani. Ulinguruma, halafu likapanda wingu jeusi wima, likaendelea kupanda mpaka watoto wakaacha kupiga kelele wakabaki kutazama tu. Baadaye jivu likaanza kushuka. Halina haraka, linanyesha taratibu, na limeendelea kushuka siku baada ya siku. Mchana jua linaonekana jekundu na unaweza kulitazama bila kufumba macho. Mabati yamejaa, tunayafagia yasije yakatuangukia. Nikitafuna chakula, meno yanasaga mchanga.

Malisho yote yamegeuka kijivu. Ng'ombe wanakula majani yenye jivu, wanatoka vidonda mdomoni, wanaharisha, na wengi wameanguka. Mbuzi macho mekundu. Kijito kinapita kizito kama uji. Watu wamehama na mifugo kwenda juu, Joshua na familia yake nao wameondoka. Shule imefungwa kwa muda. Mimi na mwalimu mkuu tumebaki kulinda majengo, ingawa sijui tunayalinda dhidi ya nani, maana hata mbwa hawapo.

Mbegu ipo salama kapuni, nimeifunika kwa shuka langu. Lakini kajaruba kangu kamefukiwa, ukiingia jivu linakufika kifundoni. Mvua zikaribiapo nitatakiwa kupanda, na hapa hakuna mtu wa kumuuliza. Wewe unajua udongo kuliko mimi. Nifanyeje?

Jioni nakaa mlangoni nawaza mto wetu. Nawaza rangi yake tu, dada. Huku kila kitu kina rangi moja.

Venance


Mofu, 14 Oktoba 2007

Venance mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nikasali, kisha nikaisoma tena nikakasirika. Unalinda majengo! Majengo yatakuzika? Ungekuwa karibu ningekufuata na mwiko.

Lakini kuhusu shamba, acha uoga. Umesahau umezaliwa wapi? Mto ukipanda tunalia, mto ukishuka tunacheka, kwa sababu unatuachia matope meusi na matope hayo ndiyo yaliyokulisha. Baba alikuwa akituambia kinachokuja juu ya shamba ni zawadi, usikikwangue. Na tunapanda mapema, kabla hayajakauka na kupasuka. Jivu la jikoni mimi naweka kwenye mchicha, unastawi kupita kiasi. Sasa wewe Mungu amekumwagia jivu la mlima mzima, unauliza ufanyeje?

Lima humo humo. Changanya jivu na udongo, fungulia maji, mwaga mbegu. Mwaga yote, usibakize, mwaka wa zawadi haurudi haraka. Utavuna mpaka hao walimu wako waombe uhamisho wakae jikoni kwako.

Mimi na Anselim tunasafisha shamba la chini, karibu na mto. Mbegu ya debeni nayo nitaipanda yote mwaka huu. Nataka Mofu wanuse tena.

Tekla


Engaresero, 16 Desemba 2007

Dada Tekla,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema. Nimelima humo humo, jivu na udongo pamoja, mikono imechubuka na inawasha, nadhani ni ugeni wa kazi. Mvua ya kwanza imenyesha. Nimemwaga mbegu yote, kapu nimelikung'uta.

Mlima bado unatema mara moja moja. Watu wachache wamerudi kuangalia maboma yao. Ile nyasi ya ziwani imelala chini, imeungua bila moto.

Kapu tupu limenitia wasiwasi kidogo, halafu nikakumbuka maneno ya baba nikapata amani. Krismasi njema. Mnilie pilau na mimi, na ukoko nibakizie.

Venance


Mofu, 10 Januari 2008

VENANCE, KAMA HUJAPANDA, USIPANDE!

Salamu baadaye. Tangu ile barua ya Septemba sijapata nyingine kutoka kwako. Leo nimekaa na Kabula anapika mlenda, akatia magadi, nikamsimulia shamba lako. Akaacha mwiko sufuriani. Akaniuliza, "Mlima wenyewe uko karibu na ziwa la magadi?" Nikasema ndiyo, si ulishaniandikia. Akasema, "Mama wee, basi na jivu lake ni magadi hilo. Kwetu mahali penye magadi ng'ombe wanalamba, lakini hapaoti kitu." Akanichukua, tukaloweka magadi yake kwenye maji, tukamwagilia miche yangu michache ya mchicha. Kufika jioni imesinyaa.

Si matope ya mto, Venance. Wala si jivu la kuni. Likwangue, lisukume nje, iache mvua iende nalo mwaka mzima au miwili. Mbegu iache kapuni. Nimempa Anselim barua hii, anaendesha baiskeli mpaka Ifakara sasa hivi, na mvua hii.

Nijibu haraka. Neno moja tu linatosha.

Tekla


Engaresero, 25 Februari 2008

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika, imechelewa kwa sababu lori la kutoka Mto wa Mbu lilikwama. Usiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimeshapanda, na mpunga uko kijani, unapendeza. Kabula mshukuru, lakini mwambie jivu la mlima huu lina tabia yake.

Hebu nieleze habari za huko. Zambarau zimeisha? Wale ndege weupe wamefika shamba la chini? Juzi nimeota nipo mtumbwini na baba, ananiambia nikae katikati nisiupindue. Nilipoamka nilikuwa bado nimekaa katikati ya kitanda, nimeshika kingo. Nilicheka peke yangu. Shule imefunguliwa, watoto wamerudi nusu.

Venance


Mofu, 3 Mei 2008

Mdogo wangu Venance,

Nakuandikia nikiwa kwa Kabula. Tupo hapa tangu maji yaingie.

Mto ulipanda ghafla mwaka huu. Shamba la chini limekwenda lote, mpunga ulikuwa umeshaanza kutoa masuke, nikauona unainama mara moja halafu sikuuona tena. Nyumba imesimama, jiko limeanguka. Debe lilikuwa tupu, si nilipanda yote? Fungu la mama la kwangu lilikuwa jikoni, juu ya mafiga, nalo limekwenda na jiko. Anselim aliniwahi mkono, maana nilitaka kurudi kulichukua. Nilimpiga ngumi, maskini, na bado ananichekea.

Watu hapa wanashangaa silii. Wanasema Tekla amekuwa jiwe. Silii kwa sababu mbegu ya kwako ipo. Kila nikikumbuka mbegu yetu imezama, nakusikia ukisema "mpunga uko kijani, unapendeza", nashusha pumzi. Kabula naye amechoka kunisikia nikiyarudia maneno hayo.

Sitaki mchele, sitaki nguo. Ukivuna nifungie mbegu tu. Hata kibaba, nitaianza upya.

Dada yako,
Tekla


Engaresero, 28 Mei 2008

Dada Tekla,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Kama Anselim yupo, aje akae karibu.

Hakuna mpunga. Uliota, ukasimama siku chache, ncha zikageuka njano kisha zikaungua. Jivu lilipopata maji na kukauka likawa gumu kama sakafu, juu yake likatoa unga mweupe. Niliuonja ulimini. Magadi kweli. Barua yako ya Januari ilinikuta nimekaa kwenye tuta nautazama.

Nilikuandikia uko kijani kwa sababu wewe ndiye uliyeniambia nilime humo humo, na mimi nakujua. Ungejitafuna moyo mpaka uishe. Nilifikiri, si debe lake lipo? Atavuna, atanigawia tena, tutakuja kucheka siku moja. Sikujua unaegemea maneno yangu.

Sina mbegu, dada. Kilichobaki ni fungu la mama juu ya mafiga. Limekuwa jeusi kwa moshi, lakini juzi nilipanda kiti nikaibonyeza punje moja kwa kucha bila kuinyofoa. Ni nzima, imejaa. Nikashuka haraka nikamwomba radhi, kama siku ile kaburini kwa bibi.

Sijaligusa zaidi ya hapo. Sitaligusa mpaka uniambie. Tukilipanda tumemnyang'anya mama. Tusipolipanda, mpunga wake umekwisha duniani. Mimi nimeshindwa. Wewe ni mkubwa, sema wewe.

Venance


Mofu, 20 Juni 2008

Venance,

Nimekutukana kuanzia hapa mpaka kijiji cha Mbingu na kurudi. Umenidanganya ili nisiumie? Wewe niliyekuogesha kwenye karai? Mjinga mkubwa. Halafu nikalia, nililia yale yote ya mafuriko na ya jivu kwa pamoja, mpaka Kabula akaacha kunibembeleza akaanza kulia na yeye.

Leo asubuhi nimekwenda kaburini. Maji yalifika mpaka pale, yameacha matope meusi juu yake, laini, yamejaa miguu ya ndege. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyeua mbegu yako. Nilimfundisha mtoto wako udongo wa mlima ambao sijawahi kuuona hata kwa macho." Nikakaa nimsikilize anigombeze. Hakugomba.

Nikawa nakumbuka tu vitu vya ovyo. Upawa wake. Ungo wa wali kule dunguni. Mikono yetu ikigombania, yeye amekaa pembeni anatutazama, mdomo mkavu, anasema, "Mimi nimeshiba." Venance, yule mama hakuwahi kula hata siku moja watoto wake wakiwa na njaa. Hata siku moja! Leo ndiyo aanze?

Amesema ameshiba. Nimemsikia mimi, kama yupo wa kulaumiwa nilaumiwe mimi.

Shusha fungu. Usilitume kwa lori wala kwa posta wala kwa mtu. Lilete mwenyewe, mikononi, likizo ya Desemba. Mto umeacha matope mazuri mwaka huu, na haya nayajua.

Tekla


Engaresero, 14 Juni 2009

Dada Tekla,

Shikamoo. Tangu nikuletee fungu la mama Desemba na kurudi huku nimekosa raha, mguu mmoja umebaki kwenye kitalu chetu. Ulipoandika miche imeota nilimwonyesha Joshua barua, hasomi Kiswahili vizuri lakini aliishika muda mrefu.

Joshua amerudi na ng'ombe waliobaki. Huwezi kuamini mlima huu, dada. Mvua za miaka miwili zimeosha magadi, na pale jivu lilipokuwa jembamba nyasi zimetoka nene na kijani kibichi kuliko nilivyozikuta nilipohamia. Ndama wanalala ndani yake unaona masikio tu. Wazee wanasema ndivyo ulivyo, unaua kwanza, halafu unalisha, na katikati mtu anatakiwa angoje. Kumbe na wewe hukukosea sana, ulikosea saa tu. Kajaruba kangu bado kagumu, nakaacha kangoje.

Vipi masuke? Ndege hawajawashinda?

Venance


Mofu, 19 Julai 2009

Venance mdogo wangu,

Marahaba. Unanipa pole ya kinafiki, eti nimekosea saa. Sawa, naipokea.

Ndege walitushinda siku mbili, kisha Kabula akaja kuwinga na ile sauti yake, sijaona ndege tena mpaka leo. Tumevuna. Si mwingi, ila debe limejaa, la Kabula limejaa kwa sababu nimemgawia, na lako lipo limefungwa linangoja uje. Kuanzia sasa mbegu hii haikai nyumba moja tena.

Jiko jipya Anselim amelijenga juu, kwenye kichuguu. Masuke ya kwanza nimeyafunga mafungu mawili. Moja la mama, halishuki tena, hata mlima uje mpaka hapa. La pili nalo ni la mama, ila hilo anatutunzia.

Jana nilipika. Harufu ilipotoka, wazee watatu walisimama njiani, mmoja akauliza, "Mama Venance amefufuka?" Nikapakua sahani ya kwanza, iliyojaa, nikambebea mpaka kaburini kabla sisi hatujaonja hata punje. Nikaiweka pale kwenye matope, nikakaa mbele yake, nikamwambia, "Watoto wamekula, mama, na kesho watakula. Leo usituambie umeshiba."

Dada yako,
Tekla